Zamu ya Baba

Fundi wa maji wa kwanza nilimchagua kwa sababu ya pikipiki yake. Kwenye tangi la mafuta alikuwa amechora mfereji wa buluu unaodondosha tone moja kubwa, na mimi nikajiambia kwamba mtu aliyejisumbua hivyo lazima anaipenda kazi yake. Wa pili nilimchagua kwa sababu alikuja na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, akavipanga juu ya meza yangu kabla hata hajaulizia bafu liko wapi. Mimi ni mwalimu. Mtu akinionyesha cheti, akili yangu inalala. Wa tatu sikumchagua mimi, na ndiyo maana leo nyumba yangu ina maji.

Naishi Chechelesi, hapa Isiolo, mwisho wa kichochoro kifupi chenye nyumba mbili tu: yangu na ya jirani yangu, mjane wa Kiborana. Kinachotutenganisha ni uzio wa mabati. Maji ya mji hutufikia Jumatatu. Mtu wa maji huja na ufunguo wake mrefu wa chuma, anafungua valvu pale kona ya barabara, na jioni anarudi kuifunga. Saa ya kufungua haijulikani. Anaweza kuja saa moja asubuhi, anaweza kuja saa nane mchana, kwa hiyo tuna desturi yetu: unaacha mfereji wa uani wazi, chini yake unaweka karai tupu la bati, unaendelea na shughuli zako. Maji yakija, karai linaita. Niliwahi kumwacha mchungaji katikati ya maombi sebuleni kwangu kwa sababu karai limeita, na mchungaji mwenyewe akanifuata nyuma na ndoo.

Mimi nikishajaza tangi hufunga ule mfereji mpaka Jumatatu nyingine. Jirani yangu hana tangi, ana mapipa, kwa hiyo yeye huufungua wake tena kesho yake asubuhi na kurudisha karai chini, endapo mtu wa maji atapata wazimu akatufungulia siku isiyo yetu.

Baba yangu alikuwa amekuja kukaa nami. Sisi ni Wameru, lakini yeye alishuka kutoka milimani akiwa kijana, akaenda kulima Rapsu, upande wa Kinna, kwenye mashamba ya kumwagilia, na huko akazeeka. Kwa miaka mingi ndiye aliyegawa maji ya mtaro. Kila mkulima alikuwa na zamu yake, na baba ndiye aliyesema zamu ya huyu imefika, zamu ya yule imekwisha, fungua, funga. Kazi hiyo inataka mtu asiye na upendeleo na asiyejali kutukanwa, na baba ana yote mawili. Mama alipofariki alibaki peke yake. Halafu presha ikampata. Siku moja akaanguka kando ya mtaro, akalala hapo tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila mtu kumwona. Daktari wa hapa mjini alisema wazi kwamba asikae peke yake tena, wala asikae mbali na hospitali.

Ilinichukua miezi kumshawishi. Alikuja na begi moja la kijani, akaliweka nyuma ya mlango wa chumba chake, akatoa shati mbili na Biblia, mengine akayaacha humo humo. Nililiona lile begi kila nilipofagia, na kila mara lilinikera. Lakini aliendelea kukaa. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe huniita mama. Nikichelewa kurudi, nakuta amesimama getini. "Mama, umekuja," ananiambia, na hapo uchovu wote unanitoka.

Sasa nirudi kwa fundi wa pikipiki. Tangi langu lilikuwa linajaa polepole mno, na mimi sina subira. Nikampigia simu. Siku mbili nzima alikuwa "hapo tu karibu na soko". Alipofika alichuchumaa kwenye mita, akagonga kitu cha shaba kilichofungwa kwenye bomba, kinene kama ngumi ya mtoto, akasema, "Mwalimu, hiki ndicho kinachokunyima maji. Kinabana."

"Kitoe," nikamwambia. Hata sikuuliza kazi yake.

Akakitoa, akaunga kipande cha bomba mahali pake, na Jumatatu iliyofuata tangi lilijaa kabla sijamaliza kukoroga ugali. Nilimsifu yule fundi ofisini kwa walimu mpaka wakachoka. Kile kitu cha shaba nikakiweka kwenye mlango wa jikoni kuuzuia upepo usiubamize, maana upepo wetu mnaujua.

Baba alikipenda. Jioni alikuwa anakiokota, anakipuliza huku, anakigeuza, anakipuliza kule. "Hiki kitu kina kichwa kigumu," aliniambia. "Ukipuliza upande huu pumzi inapita. Ukipuliza upande huu kinakataa kabisa. Ni cha nini?"

"Ni takataka, baba. Kirudishe mlangoni."

Muda si muda tangi likaanza kuisha mapema. Tangi ambalo lilikuwa linanifikisha Jumapili sasa lilikuwa linakauka Jumatano. Nikamwita yule wa vyeti. Alitembea nyumba nzima akitikisa kichwa, akasema kuna bomba limepasuka chini ya sakafu ya bafu. Akachimbua sakafu. Kulikuwa kukavu kabisa. Akachimbua na upande wa pili ili awe na hakika. Aliniachia shimo ambalo kwa majuma mawili tulilivuka kwa ubao, na choo kilichoanza kuzomea tangu siku hiyo, na tangi likaendelea kuisha Jumatano.

Wakati mimi nalia ukame, jirani yangu alikuwa ananeemeka. Kila Jumanne alichungulia juu ya mabati, uso umejaa furaha. "Mwalimu, Mungu ni mkubwa. Leo tena yamekuja. Kidogo kidogo, lakini yamekuja." Alijaza mapipa, akanywesha mbuzi wake, akafua mapazia. Akaniambia Mungu huwakumbuka wajane, na mimi nikaitikia, ingawa moyoni nilijiuliza mbona walimu amewasahau. Alhamisi alikuwa ananiletea jerikani mbili za maji kwa sababu alijua mimi sina. Nami nilimpelekea chapati kwa shukrani, chapati za moto, zimefungwa kwa kitambaa.

Alhamisi moja nilirudi kutoka shuleni nimejaa vumbi, nikafungua bomba la bafuni likanikoholea hewa usoni. Nikatoka nyuma ya jikoni. Baba alikuwa amepanda sukuma wiki hapo, mistari minne, na katikati ya mistari alikuwa amechora vimtaro vidogo kwa ncha ya panga, kama vya Rapsu. Udongo ulikuwa mweusi kwa unyevu. Nina hasira za karibu, shule nzima inajua.

"Sasa naelewa maji yanakokwenda," nikasema. "Unashinda hapa peke yako, unazimwagia mboga tangi zima, halafu jioni unanyamaza."

Alijiinua polepole, mkono kiunoni. "Hizi nimezipa maji ya vyombo."

"Maji ya vyombo hayamalizi tangi, baba."

Aliokota panga lake, akalifuta udongo. Nilikuwa namwambia hivyo mtu aliyegawa maji karibu maisha yake yote, ambaye watu walimtukana kwa mengi lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amepoteza maji, wala kwamba amechukua yasiyo yake. Hayo yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule nilisimama tu, mikono kiunoni.

"Sawa, madam," akasema, akaingia ndani.

Madam ni jina ninaloitwa shuleni. Nyumbani kwangu sikuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote, sembuse na baba. Liliniuma kuliko kama angenichapa.

Jioni, tukila, akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba lori la vitunguu la Rapsu litakuja sokoni Jumamosi ya wiki iliyofuata, na kwamba amekwishampigia dereva simu. Atarudi nalo.

"Na presha?" nikauliza.

"Presha ni yangu. Nitaenda nayo."

Sikulala vizuri siku zile. Nilijua akilipanda lile lori hatarudi, na nilijua kwamba siku akianguka tena nitapigiwa simu nikiwa darasani, na itakuwa nimechelewa. Ningeweza kumwomba msamaha. Lakini bado niliamini kwamba ni yeye, na hilo ndilo lililonitesa. Ningemwomba radhi kwa ukali wangu, si kwa maneno yenyewe, na baba si mtu wa kupokea nusu.

Jumapili nikamweleza jirani yote, tukiwa tumeegemea mabati kila mtu upande wake. Nikamwambia nimechoka na mafundi, sijui tena jinsi ya kumjua aliye mzuri.

"Kwani wewe unawajuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia habari ya pikipiki na habari ya vyeti. Alicheka mpaka akashika uzio. "Mwalimu, fundi haangaliwi usoni. Nenda kaangalie mifereji ya msikiti. Watu wanatawadha pale mara tano kwa siku, wazee, watoto, wengine wanafungua kwa nguvu kama wanavunja kufuli. Umewahi kuona mfereji mmoja pale unadondoka? Huyo anayeitengeneza ndiye fundi." Akampigia simu hapo hapo. Fundi akasema atakuja Jumanne saa kumi jioni.

Jumatatu maji yalikuja, tangi likajaa. Jumanne nilifika nyumbani saa tisa na nusu, nikamkuta baba ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya tangi. Alikuwa ametoa chaki kwenye mkoba wangu jana yake jioni, akaifunga kwenye ncha ya fimbo yake kwa kipande cha mpira. Tangi langu liko juu ya msingi wa mawe, na baba alikuwa analigonga kwa fimbo kutoka chini kwenda juu, akisikiliza mahali sauti inapobadilika, halafu anachora mstari hapo. Ubavu mweusi wa tangi ulikuwa na mistari mitano, mmoja chini ya mwingine.

"Unafanya nini, baba?"

"Kesi yangu," akasema, bila kugeuka.

Fundi aliingia getini saa kumi kasorobo. Mtu wa makamo, ndevu zimetiwa hina, mfuko wa turubai begani. "Salaam aleikum," akasema, na sote wawili tukamwitikia. Hakufungua mfuko. Alisimama akauliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza. "Tangi linapungua mkitumia, au linapungua hata msipotumia?"

Nikafungua mdomo, nikagundua sijui.

"Hata tusipotumia," baba akajibu. "Leo sijagusa tone. Hata uso sijanawa." Akanyoosha fimbo. "Huu wa juu ni jana jioni, mtu wa maji alipofunga. Leo saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa bado hapo hapo. Saa mbili, hapa. Saa nne, hapa. Saa sita, hapa. Huu wa chini ni saa tisa." Aliisoma ile mistari bila haraka, na kwa mara ya kwanza nikamwona jinsi alivyokuwa amesimama kwenye mtaro, mbele ya watu wenye majembe.

Fundi akapitisha kidole juu ya mistari. "Usiku hayakupungua," akasema. "Yameanza asubuhi. Basi hakuna bomba lililopasuka. Bomba likipasuka halipumziki usiku." Akaenda kwenye mita, akapiga magoti, akafuta kioo kwa kidole gumba. "Mwalimu, njoo uone."

Nikainama. Kile kidude chekundu ndani ya mita kilikuwa kinazunguka kinyumenyume. Kilikuwa kinarudi, pole pole, bila wasiwasi wowote.

"Bomba linalopandisha maji linaingilia chini ya tangi lako," fundi akaeleza. "Kwa hiyo valvu ya barabarani ikifungwa, maji ya tangi yanaweza kurudi njia ile ile. Yanatoka kwako, yanatafuta mahali penye mfereji wazi." Akashika geti valvu, koki iliyo kando ya mita, akaifunga.

Halafu upande wa pili wa mabati tukasikia sauti ya jirani yangu, yenye masikitiko.

"Haya basi. Yamekatika."

Nilimtazama fundi. Fundi alimtazama baba. Baba aliweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Jirani akachungulia juu ya uzio, akaona tumeganda kwenye mita, akazunguka akaingia getini kuuliza kuna nini. Fundi akamweleza. Alisikiliza yote, akatafuta jerikani akaigeuza, akaikalia.

"Kwa hiyo maji ya Jumanne ni ya mwalimu," akasema.

"Ndiyo."

"Na zile jerikani za Alhamisi, nilikuwa namletea maji yake mwenyewe."

"Na mimi nikakulipa kwa chapati," nikasema, na hapo baba akashindwa. Alicheka mpaka akakaa. Jirani alifunika uso kwa shela akacheka humo ndani, huku anasema ataificha wapi aibu hii. Hata yule fundi wa msikiti aliyekuja na uso wa kazi alilazimika kugeukia ukuta.

Alipogeuka, akarudi kwenye bomba. "Hapa palikuwa na valvu ya kuzuia maji kurudi. Hiki kipande ni kipya. Nani aliitoa?"

Baba aliinuka, akaenda jikoni, na tukasikia mlango ukibamizwa na upepo nyuma yake. Alirudi na kile kitu cha shaba kiganjani.

"Ni hii?" akauliza. "Hii inakubali upande mmoja tu."

"Ndiyo yenyewe, mzee."

Kazi ilimchukua fundi muda mfupi kuliko niliotumia kuchemsha chai. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akazungushia nyuzi za bomba utepe mweupe, akaikaza, akafungua geti valvu, akatuonyesha mita. Kidude chekundu kilikuwa kimesimama. Akanywa chai, akaondoka kuwahi sala ya magharibi.

Jirani akataka kuondoka naye, nikamwomba asubiri. Nilitaka awepo mtu. "Baba," nikasema, "mimi ndiye niliyesema kile kitu kitolewe. Halafu nikasema wewe ndiye uliyemaliza maji. Nimekukosea, si kwa sauti tu. Nimekukosea kwa maneno yenyewe." Naona haya kusema hivyo, lakini nililia, nikiwa na vikombe vya chai mkononi.

Baba alifungua mpira kwenye fimbo, akatoa kile kipande cha chaki, akanirudishia. "Kule Rapsu," akasema, "ukimsingizia mtu maji, na ionekane hakuyachukua, unampa zamu yako moja. Yote. Humuulizi anaipeleka wapi."

"Jumatatu ijayo ni yako," nikamwambia. "Yote."

"Sawa, madam." Bado ilikuwa madam.

Jumamosi lori la vitunguu lilipiga honi mwisho wa kichochoro. Nilikuwa jikoni, nikaacha kisu. Baba alipita uani akiwa na fimbo. Nikatazama mkono wake wa pili. Haukuwa na kitu. Nilimfuata mpaka getini, nikamsikia akimwambia dereva, "Siendi. Nina zamu Jumatatu, na mtu haachi zamu yake. Wewe safari nyingine niletee jembe langu na buti." Dereva akacheka, akawasha gari. Nikarudi jikoni haraka nisionekane.

Jirani yangu hajakosa maji yake. Jumanne baba hupitisha mpira juu ya mabati akamjazia pipa moja, kwa kipimo, na akipiga kelele liongezwe anamwambia zamu imekwisha. Yeye bado humshukuru Mungu kwa maji ya Jumanne, na baba hamkosoi. Jembe lilikuja, mistari ya sukuma wiki sasa ni tisa. Shimo la bafuni nililifukia.

Na ile Jumatatu karai lilipoita, nilikimbia mwenyewe hadi kwenye kiti chake. "Baba, maji yamekuja. Zamu ni yako." Alilitazama tangi, akazitazama mboga zake. Alijua kwamba zamu ikishatumika imekwisha, na mimi nilijua.

Hajaitumia mpaka leo. Kila Jumatatu karai likiita, namwambia zamu yake imefika, na kila Jumatatu ananijibu, "Wacha ikae kwanza, mama."